Panzi: historia fupi ya hospitali ya kanisa

Jina la Panzi lilivuma duniani tarehe 5 Oktoba 2018, Kamati ya Nobel ya Norwe ilipotangaza kwamba tuzo ya amani ya mwaka huo imekwenda kwa Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na Nadia Murad, binti wa Kiyazidi kutoka Iraki. Tangu siku hiyo mengi yameandikwa juu ya hospitali hiyo ya kusini mwa Bukavu, na karibu yote huanza kwa daktari na kuishia kwa daktari. Mwenye nyumba hatajwi, au hutajwa kwa nusu sentensi kisha akasahauliwa. Mwenye nyumba ni kanisa: CEPAC, yaani Jumuiya ya Makanisa ya Kipentekoste katika Afrika ya Kati, ambayo ndani ya Kanisa la Kristo Kongo huhesabiwa kuwa jumuiya ya 8. Kuliacha kanisa nje ya habari hii kunaharibu zaidi ya heshima ya mtu. Kunamfanya msomaji aamini kwamba vita vilipofika Kivu, mtu mmoja mwema alisimama peke yake akajenga hospitali kwa fedha za wazungu. Mambo hayakwenda hivyo. Panzi ilitokana na desturi ya kusaidiana ambayo makusanyiko ya Kipentekoste yalikuwa yameijenga kwa karibu miaka 80, na kila ilipoongeza huduma mpya, iliongeza kwa sababu huduma ya zamani ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake na mgonjwa bado anateseka. Hilo ndilo dai la makala haya, na ushahidi wake uko katika mpangilio wa matukio yenyewe.

Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi na Norwe waliingia mashariki mwa Kongo ya Wabelgiji kuanzia 1921. Walitumwa na watu wa namna ya pekee. Uswidi ya wakati huo haikuwa na makao makuu ya Wapentekoste yenye kuamuru toka juu. Kila kusanyiko lilijitawala, likachagua wazee wake, likatuma wamisionari wake na kuwalisha kwa sadaka zake. Kusanyiko lililotangulia mengine, Filadelfia la Stockholm, ambalo Lewi Pethrus alianza kuliongoza mwaka 1911, lilihubiri ubatizo wa Roho Mtakatifu na wakati huohuo likawahudumia maskini na watu wasio na makazi wa mji huo. Watu waliotoka katika mazingira hayo hawakuona ajabu kwamba kituo cha misheni kiwe na kanisa, shule na zahanati katika kiwanja kimoja. Kulikuwa pia na sababu ya kifedha iliyowalazimisha kutegemea mikono ya waumini. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa ikizipa ruzuku shule za Wakatoliki, na shule za Waprotestanti hazikupata haki hiyo ila baada ya vita vya pili vya dunia, mnamo 1948. Kwa robo karne nzima, kila darasa na kila chumba cha kuuguzia kilichosimama katika vituo vya Wapentekoste kilisimama kwa michango ya makusanyiko ya Uswidi na nguvukazi ya Wakongo waliofyatua matofali, waliobeba mbao na waliofundisha kwa ujira mdogo. Mtu anayesema leo kwamba Wapentekoste wa Afrika wamegundua huduma ya jamii majuzi, baada ya kuwaiga wengine, hajaisoma sura hii.

Kutoka Kivu kazi hiyo ilivuka mpaka hadi Burundi mwaka 1935 na Rwanda mwaka 1940, na makanisa makubwa ya Kipentekoste ya nchi hizo yana mizizi hiyohiyo. Nchini Kongo, utawala wa Mobutu ulipoyataka madhehebu ya Kiprotestanti yakusanyike chini ya paa moja mwanzoni mwa miaka ya 1970, makanisa hayo yakaingia katika Kanisa la Kristo yakiwa na namba yake na viongozi wake Wakongo. Hata hivyo sura ya kazi haikubadilika sana katika mitaa. Kanisa la Kipentekoste la Bukavu lilibaki kuwa mahali ambapo mgonjwa hujulikana kwa jina kabla hajafika hospitali, msiba wa mmoja hupangwa na wote, wamama wana kikundi chao chenye mfuko wake, na shemasi anajua nyumba ipi haijawasha moto tangu jana. Haya ni mambo madogo na hayaandikwi katika ripoti. Lakini ndiyo yaliyokuwapo wakati ambapo mishahara ya serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa imekuwa jina tu na hospitali za umma zilimtaka mgonjwa aje na nyuzi zake za kushonea. Mradi wa afya ya vijijini uliojulikana kama SANRU, ulioanza mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Kanisa la Kristo na Marekani, ulikuja kuthibitisha jambo ambalo kila mwanakijiji alilijua: sehemu kubwa ya huduma za afya nchini ilikuwa mikononi mwa makanisa, na serikali iliyotaka kuwa na kanda za afya ilibidi izitambue hospitali za makanisa kuwa hospitali zake za rufaa.

Hapa kuna jambo linalohitaji kukaliwa kwa muda, kwa sababu ndilo moyo wa historia hii. Imani ya Kipentekoste ina kauli kali juu ya uponyaji. Mgonjwa huombewa, huwekewa mikono, hupakwa mafuta na wazee kama waraka wa Yakobo unavyoagiza, na kanisani ushuhuda wa aliyepona una uzito kuliko mahubiri marefu. Katika imani ya namna hiyo, dawa ina nafasi gani? Yapo makusanyiko, Afrika na kwingineko, yaliyojibu kwamba haina nafasi, na yamezika watoto kwa jibu hilo. CEPAC ilijibu tofauti tangu mwanzo kwa kujenga zahanati, lakini jibu hilo lilikuwa la wamisionari. Lilipata kuwa la Wakongo wenyewe kupitia watu kama Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Mukwege amesimulia mara nyingi kwamba utotoni alifuatana na baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza kwa nini anaomba tu bila kutoa dawa, na baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Habari hiyo husimuliwa kama chanzo cha wito wa mtu mmoja. Mimi naiona kuwa kubwa zaidi ya hapo. Mchungaji hakumkemea mtoto kwa kukosa imani, wala hakusema dawa ni ya wasioamini. Aligawa kazi: kuomba ni kwangu, kutibu ni kwa aliyesomea. Kanisa linalokubali mgawanyo huo limekwisha kukubali kwamba siku moja litahitaji madaktari wake, vyumba vyake vya upasuaji na, kama tutakavyoona, hata mawakili wake.

Mukwege alisomea udaktari Burundi akamaliza mwaka 1983, akaajiriwa katika hospitali ya CEPAC ya Lemera, juu milimani upande wa Uvira, akikusudia kuwatibu watoto. Lemera ilimfundisha jambo jingine. Wanawake walifika wakiwa wamebebwa kwa machela baada ya siku nzima za njia, mtoto amekwama, wengine wakiwa wamekwisha kufa. Alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Angeweza kubaki Ufaransa, na maisha yake yangekuwa mepesi. Tukumbuke lakini kwamba alikuwa na mahali pa kurudi: hospitali iliyokuwa ikifanya kazi milimani, yenye wauguzi waliofunzwa na kanisa, katika nchi ambayo hospitali nyingi za serikali zilikuwa kuta tupu. Daktari aliyebobea bila hospitali ni mtu mwenye cheti.

Tarehe 6 Oktoba 1996, katika siku za mwanzo kabisa za vita vilivyomwondoa Mobutu, watu wenye silaha waliishambulia Lemera usiku. Wagonjwa zaidi ya thelathini waliuawa, wengi vitandani mwao, pamoja na wauguzi. Umoja wa Mataifa uliliorodhesha shambulio hilo katika ripoti yake ya mwaka 2010 juu ya maovu yaliyofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003, na hadi leo hakuna mahakama iliyomhukumu mtu kwa ajili yake. Kwa historia ya taasisi, Lemera ni kaburi na ni chanzo pia. Ilionyesha kwamba msalaba juu ya paa haumzuii mwenye bunduki. Ilionyesha pia kwamba kanisa lililopoteza hospitali halikupoteza watu wake: wauguzi walionusurika, mtandao wa makusanyiko na uhusiano na Uswidi vilibaki, ingawa majengo yaliporwa. Mukwege alianza upya Bukavu katika mahema, akiwa na chumba cha kuzalishia na cha kupasulia. Agosti 1998 vita vya pili vikazuka na kila kitu kikaporwa tena. Mwaka 1999 kazi ikaanza kwa mara ya tatu, safari hii katika mtaa wa Panzi, upande wa kusini wa wilaya ya Ibanda, ambako watu walikuwa wengi na hospitali kuu ya mji ilikuwa mbali kwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa vita. Fedha za ujenzi zilitoka kwa Wapentekoste wa Uswidi kupitia shirika lao la PMU, lililoanzishwa mwaka 1965, pamoja na msaada wa serikali ya Uswidi.

Panzi ilikusudiwa kuwa hospitali ya wazazi. Hilo linasahaulika, na kulisahau ni kupoteza ufunguo. Mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mwanamke aliyebakwa kisha akapigwa risasi sehemu za siri na mapajani. Miezi mitatu baadaye walikuwa wamefika wengine 45 wenye habari inayofanana. Hospitali ingeweza kusema kwamba hii si kazi yake. Ilikuwa na uwezo wa kupasua na kushona, ikashona, na kwa kufanya hivyo ikajikuta katika elimu ambayo haikuwa na vitabu vingi: fistula, yaani tundu linalofunguka kati ya njia ya uzazi na kibofu au utumbo, ambalo madaktari walilizoea kwa wanawake waliokaa na uchungu muda mrefu bila msaada, sasa likionekana kwa wasichana waliojeruhiwa kwa makusudi. Mwaka 2015 Mukwege alitetea tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels juu ya aina hizo za fistula za mashariki mwa Kongo. Ujuzi huo ulirudi pia kwa mama wa kawaida wa Panzi, kwani anayeweza kurekebisha jeraha la vita anaweza kurekebisha la uzazi, na hospitali haikuacha kazi yake ya kwanza ya kuzalisha, kutibu watoto wenye utapiamlo na kupokea rufaa za kila aina. Imekuwa pia mahali pa kufundishia kwa Chuo Kikuu cha Kiinjili Afrika, UEA, hapohapo Bukavu. Waandishi wa nje wakifika huuliza njia ya kwenda wodi moja. Wakazi wa mtaa hupita getini kwa malaria, kwa mguu uliovunjika, kwa mjamzito wa kawaida.

Upasuaji ulifanikiwa, na hapo ndipo upungufu wake ulipojulikana. Mwanamke aliyefungwa jeraha hakuweza kulala, hakula, alitamani kufa; ikabidi wawepo watu wa kusikiliza, wengi wao wanawake waliozoea kazi hiyo kanisani kabla hawajafundishwa kuifanya kitaalamu, na wagonjwa wakawaita mama, kama ilivyo kawaida ya Bukavu. Aliyetulia moyo aligundua kwamba hana pa kurudi: mume amemfukuza, shamba limechukuliwa, ana mtoto asiyekubaliwa na ukoo. Ikaanzishwa Nyumba ya Dorkasi, Maison Dorcas kwa jina lake la Kifaransa, mahali pa kukaa, kujifunza kushona, kusuka vikapu, kusoma na kuhesabu, na kuweka akiba kwa vikundi. Jina hilo limetoka katika sura ya 9 ya Matendo ya Mitume, kwa mwanamke wa Yafa aliyewashonea wajane nguo, na halihitaji maelezo kwa Mpentekoste yeyote. Kisha aliyepona, akajifunza kazi, akarudi kijijini, aliletwa tena akiwa amebakwa mara ya pili, au aliletwa binti yake. Mukwege amesema hadharani kwamba amepata kuwatibu mama, binti na mjukuu wa familia moja. Wakati huo hospitali ilikuwa imekwisha kuwa na wanasheria. Taasisi iliyoanzishwa ili mama asife akizaa ilikuwa sasa inaandaa hati za kitabibu za kupelekwa mahakamani. Hakuna aliyekaa mwaka 1999 akaipanga safari hiyo ya ngazi nne, na wala sioni kwamba inaweza kuelezwa na falsafa ya wafadhili, ambao kwa kawaida hupenda mradi wenye mwanzo na mwisho. Inafanana zaidi na mwenendo wa shemasi wa mtaani, ambaye hutembelea nyumba kwa sababu ya homa akakuta kwamba shida ni kodi ya pango, na hawezi kuondoka kwa kusema pango si idara yake.

Kesi ya Kavumu ndiyo inayoonyesha kwamba ngazi hiyo ya nne haikuwa pambo. Kati ya mwaka 2013 na 2016, karibu na uwanja wa ndege wa Bukavu, watoto wa kike wapatao 40, wengine wachanga kabisa, walichukuliwa usiku majumbani mwao na kubakwa. Watoto hao waliletwa Panzi. Madaktari waliandika walichokiona, wakapaza sauti, na mashirika ya haki za binadamu yakashika kesi. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani watu 11, akiwamo mbunge wa baraza la jimbo, na kosa lilitajwa kwa jina lake: uhalifu dhidi ya ubinadamu. Katika nchi ambayo mbunge alikuwa na kinga na mkulima hakuwa na nauli ya kufika kortini, hukumu hiyo ilikuwa kubwa mno.

Sasa nizijibu hoja za wanaopinga, na ziko zenye nguvu. Ya kwanza ni ya fedha. Panzi, wanasema, ni kazi ya Uswidi na ya Ulaya yenye bango la kanisa. Ondoa fedha za nje na hakuna kitakachobaki. Ni kweli kwamba waliobakwa hutibiwa bure, na sadaka za Bukavu haziwezi kulipia chumba cha upasuaji. Sitaki kuupunguza ukweli huo. Lakini tazama mpangilio wa matukio. Mahema ya kwanza yaliporwa, na kazi ikaanza upya mwaka uliofuata. Lemera ilishambuliwa na kuporwa, na miaka mitatu baadaye wafanyakazi wake walikuwa wakihudumu mahali pengine. Mashirika mengi ya nje yamefungua ofisi Kivu tangu 1994, yakawa na fedha nyingi kuliko Panzi ya mwanzo, na yalipofunga ofisi hakuna kilichobaki isipokuwa magari mabovu uani. Fedha hununua vifaa. Hazinunui sababu ya muuguzi kubaki Bukavu mwezi wa tatu bila mshahara. Tena fedha hizo za Uswidi zenyewe zilipita katika uhusiano wa makanisa uliokuwapo tangu 1921. Wafadhili hawakuja kuitafuta Panzi kwenye orodha.

Hoja ya pili ni kwamba hiki ni kivuli cha mtu mmoja, na siku akiondoka kitaondoka naye. Jaribio la hoja hiyo lilifanyika bila kupangwa. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba ya Mukwege, wakamwua mlinzi wake, naye akaondoka nchini na familia. Hospitali iliendelea kufanya kazi bila yeye. Waliohangaika hasa ni wanawake. Wale wa kisiwa cha Idjwi, wengi wao wasiokuwa na uhakika wa chakula cha kesho, waliuza mananasi na vitunguu ili wachange nauli ya kumrudisha, na Januari 2013 akarudi, akapokewa na umati njiani kutoka Kavumu hadi mjini. Tukio hilo husimuliwa kama ushahidi wa mapenzi kwa daktari, na ni kweli lilikuwa mapenzi. Lakini wanawake wanaojua kuchangishana, kuteua mshika fedha, kuandika barua kwa wakuu na kufika kwa zamu wana shule walikotoka. Vikundi vya wamama vya makanisa ya Kivu, ya Kipentekoste na ya Kikatoliki pia, vimefanya mambo hayo kwa ajili ya harusi na misiba kwa miongo mingi. Hofu ya kumtegemea mtu mmoja bado ina msingi upande wa wafadhili na magazeti, maana hao humfuata mwenye tuzo. Kwa upande wa wodi na mtaa, haina nguvu kiasi hicho.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma zaidi, na wanaoitoa ni watu wa ndani. Kanisa hilohilo linalomiliki hospitali lina makusanyiko ambamo mwanamke aliyebakwa hutazamwa kwa mashaka, mume anayemfukuza haitwi na wazee, na mtoto aliyezaliwa kwa ubakaji hupewa jina la dhihaka. Vipi basi tuliite kanisa chimbuko la huduma wakati sehemu ya jeraha imetengenezwa na mabenchi yake? Jibu la kwamba kanisa ni jamii, na jamii ina mabaya na mema, ni la kukwepa. Mukwege mwenyewe hakulikwepa. Yeye ambaye huhubiri pia, alipoalikwa kuzungumza katika mkutano mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mjini Windhoek mwaka 2017, aliwataka viongozi wa makanisa waukabili ubabe wa kiume ndani ya makanisa yao wenyewe, na aliwaambia hayo kwa maneno ambayo wengi wao hawakuzoea kuyasikia toka mimbarani. Mimi ninaongeza jambo moja. Hospitali ndiyo iliyolifundisha kanisa, mama yake. Kabla ya 1999, ubakaji ulikuwa jambo la aibu la familia moja moja, halikutajwa ibadani. Wodi ilipojaa wake za mashemasi na mabinti wa kwaya, kimya hicho hakikuwezekana tena kwa ukamilifu. Mafundisho juu ya mwanamke yamebadilika polepole, kwa viwango tofauti, na kuna makusanyiko ambayo hayajabadilika. Taasisi iliyozaliwa na kanisa imekuwa ikilidai kanisa, na deni bado halijalipwa lote.

Kuna pia wale wanaosema kwamba hospitali za namna hii zinaipa serikali nafasi ya kulala. Hoja hii ni nzuri katika semina, na ina ukweli: hakuna kanisa linaloweza kulinda kijiji dhidi ya kikosi, na Mukwege amekuwa akisema kila anapopewa kipaza sauti kwamba chumba cha upasuaji si suluhisho la vita. Ila historia ya Panzi na serikali haifanani na historia ya serikali iliyolala. Mwishoni mwa 2014, miezi michache baada ya Bunge la Ulaya kumtangaza daktari kuwa mshindi wa tuzo ya Sakharov, mamlaka za Kongo zilizifunga akaunti za benki za hospitali kwa madai ya kodi, na mamia ya wafanyakazi wakabaki na wasiwasi wa mishahara hadi malalamiko yalipokuwa makubwa. Anayefanya hivyo yuko macho. Kwa upande mwingine, mtu asidhani kwamba heshima ya hospitali inageuka kuwa kura: Mukwege aligombea urais Desemba 2023 na hakufikisha hata asilimia moja. Wapo waliofurahia matokeo hayo, na wapo kanisani waliokuwa wamemwomba asigombee. Kwa taasisi nadhani yalikuwa na faida fulani, kwa kuwa yalitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa, jina la mtu na kazi ya nyumba.

Neno pia juu ya mlango. Hospitali ya kanisa huulizwa kama inawatibu watu ili iwabatize. Kwa Panzi swali hilo hujibiwa na takwimu za mtaa kuliko na kanuni: Bukavu ni mji wenye Wakatoliki wengi, una Waislamu wake, una Waprotestanti wa jumuiya nyingi, na hospitali ya rufaa haina namna ya kuwachagua. Sala za asubuhi zipo, wahudumu wa kiroho wapo, na asiyetaka hupita. Watu wengine huichanganya hospitali na Mji wa Furaha, City of Joy, uliofunguliwa Bukavu mwaka 2011 na shirika la V-Day la Marekani, ambako manusura wapatao 90 hukaa miezi sita wakijifunza uongozi. Huo ni jirani na mshirika, lakini una wenyewe. Nataja hili kwa sababu ushirika huo wa Wapentekoste wa Kivu na wanaharakati wa wanawake wa New York, watu ambao juu ya mambo mengi ya imani hawangekubaliana hata kwa saa moja, umedumu. Kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa na haraka kuliko mjadala.

Mwaka 2025 ulileta jaribio jipya. Mwanzoni mwa mwaka Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na hospitali za mashariki mwa Kongo ziliguswa pamoja na nyingine. Katikati ya Februari wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Bukavu baada ya kuichukua Goma mwezi uliotangulia, na kwa mara nyingine tangu 1996 mji ukabadilisha watawala wakati wagonjwa wako vitandani. Panzi haikufunga. Katika hali kama hiyo maswali ya zamani yanarudi yakiwa na sura ya vitendo: nani atalipia dawa za kuzuia maambukizi ambazo aliyebakwa anapaswa kuzianza kabla saa 72 hazijapita, ni barabara ipi mgonjwa wa Uvira ataipita, ni hakimu gani atapokea hati ya daktari na kwa sheria ya nani. Maswali mawili ya mwisho yako nje ya uwezo wa kanisa lolote. La kwanza liko ndani ya uwezo wake kwa sehemu, na makusanyiko ya mitaani, ambayo hayapo katika mpango wa mfadhili yeyote, yana kazi nyingine iliyo ndani ya uwezo wao kabisa: kuhakikisha kwamba mwanamke anajua ndani ya saa hizo 72 aende wapi, na kwamba akirudi atakuta nafasi yake kwenye benchi haijachukuliwa.